Tunafukiza Udi Juu ya Najisi

 

Ndugu yangu Muislamu, hivi karibuni nilihudhuria hitma katika nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, Unguja, zile za mawe na chokaa zenye dari za boriti. Chetezo kimoja kilikuwa mlangoni, kingine kwenye ngazi, cha tatu ukumbini. Moshi wa udi ulikuwa mzito hata wazee wakakohoa. Na bado chini ya moshi ule ilikuwepo harufu nyingine, kila mtu aliisikia na hakuna aliyeitaja. Ilitoka chumba cha nyuma, alikolala bibi mwenye nyumba, shangazi yake mama yangu, ambaye hajiwezi huu mwaka wa tatu. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ajili ya wageni. (Wanawe wameniruhusu kuyaandika haya bila ya kuwataja.)

Udi ni jambo jema. Mtume (S.A.W.) alipenda manukato na hakuyakataa alipopewa. Lakini manukato ni pambo la kitu kilichokwishatahirika. Sisi tumeyafanya pazia.

Masheikh wetu wa madhehebu ya Imam Shafii wametufundisha tangu chuoni: najisi ainiya huondolewa kwanza dhati yake, kisha hupitishwa maji mpaka itoke ladha, rangi na harufu. Ikibaki harufu peke yake au rangi peke yake baada ya juhudi, husamehewa. Zikibaki zote mbili, bado. Bedui alipokojoa msikitini Madina, Mtume (S.A.W.) hakuagiza ubani, aliamrisha ndoo ya maji imwagwe pale pale, na akawazuia masahaba wasimkaripie.

Sasa nyumba zetu. Ukuta wa chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Akija mrithi mmoja akaupiga plasta ya saruji, unyevu hukwama ndani na ukungu huota nyuma ya kabati. Dawa yake ni kuibandua saruji na kurudisha chokaa, lakini kwanza lizibwe paa na bomba linalovuja, vinginevyo ni kazi bure. Choo cha ghorofani kisichotumika nacho hunuka kwa jambo dogo tu: maji yanayokaa kwenye kona ya bomba, ndiyo yanayozuia hewa ya karo isipande, yamekauka. Ndoo moja kila wiki inatosha. Nimeona watu wakivunja sakafu kwa hilo! Tatizo letu kubwa ni kwamba nyumba ina warithi kumi na wawili, kila mmoja anadai fungu lake la kodi, na hakuna anayedai fungu lake la bomba.

Ama godoro la sufi lililokunywa mkojo miaka mitatu, hilo litolewe. Jipya livishwe mpira, na shuka zifuliwe siku ile ile. Siki hukata harufu ya mkojo, lakini kwa madhehebu yetu haitahirishi, lazima yafuate maji. Na dawa ya klorini isichanganywe na siki wala isimwagwe juu ya mkojo, kwani hutoa hewa ya sumu.

Baada ya hitma niliomba nimsalimie bibi. Akanificha uso kwa kanga akasema, "Usikae mjukuu wangu, nanuka."

Allah (S.W.) ametukataza kuwaambia wazazi wetu hata "ah!" Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, amelifasiri neno hilo kwa hali hii hasa: mzazi anapozeeka akawa anajichafua, usimkinai, kwa sababu yeye hakukukinai ulipokuwa mchanga naye akikusafisha. Sisi tuliokuwa ukumbini hatukusema "ah". Tulifunga mlango tu.

Jumapili iliyofuata tulirudi, wanawe, mimi na fundi bomba. Godoro lilishushwa kwa kamba dirishani. Dirisha lenyewe lilikuwa limepigiwa misumari, tukayang'oa. Binti zake wakaosha sakafu kwa maji mengi, wakamuogesha mama yao, wakamvisha kanga mpya. Walipomaliza, bibi mwenyewe akaitisha chetezo.