Mtoto mwenye damu mgonjwa: laana ao deni?



Katika kazi yetu ya ukatekista tumeitwa mara nyingi kwenye matanga ya watoto. Kuna matanga ambayo hatujayasahau. Mama mmoja alikuwa anazika mtoto wake wa tatu. Wote watatu walikufa kwa namna moja: walipokuwa wakinyonya mikono na miguu ilivimba, kisha macho yakawa manjano, mifupa ikauma usiku kucha, damu ikapunguka, mwisho kifo. Mtoto wa nne alikuwa mzima, naye alikaa magotini pa nyanya yake, mzaa baba. Mbele ya maiti wajomba wakaanza kunong'ona: «Nani anawala watoto hawa?» Kabla jua halijatua jina lilikuwa limekwisha kutajwa, nalo lilikuwa jina la yule nyanya aliyempakata mtoto. Naye baba aliambiwa na ndugu zake: «Mke huyu ana tumbo baya, mrudishe kwao.»

Sisi tulisali pamoja nao, tukasema maneno machache ya kutuliza, tukarudi nyumbani. Leo tunaona kwamba maneno yale yalikuwa machache mno. Ndiyo sababu tunaandika.

Maswali ni mawili. La kwanza: ugonjwa huu ni kosa la nani? La pili, nalo ndilo zito zaidi: mtoto huyu mgonjwa ni nani kwetu, na tunamwia nini?

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Waganga wa hospitali wanauita drepanositozi. Mijini kwetu watu husema «SS» tu. Katika vitabu vya Tanzania unaitwa selimundu. Mwaka 1910 mganga James Herrick wa Chicago aliandika habari za kijana mmoja mwanafunzi, mwenyeji wa kisiwa cha Grenada. Alipoitazama damu yake kwa darubini aliona kwamba chembe nyekundu nyingi hazikuwa za mviringo kama sahani, bali zilipindika kama mundu. Chembe za mviringo hupita taratibu katika mishipa myembamba. Zile zilizopindika hunasana na kuziba njia, kama matawi yanavyoziba mfereji. Na pale damu isipopita, pana maumivu. Tena hazidumu siku nyingi, zinavunjika upesi, na mtoto anapungukiwa damu.

Chembe hizo zinapata wapi umbo hilo? Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo ndani ya himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu ichukuayo hewa mwilini. Mwaka huohuo James Neel alieleza jinsi ugonjwa unavyorithiwa. Njia hiyo ya urithi ilikuwa imegunduliwa zamani na mmonaki Muagustino, Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri yake huko Brno, akahesabu kizazi kwa kizazi, akatoa maandiko yake mwaka 1866.

Urithi huo ni hivi. Kila mtu amepokea alama mbili za himoglobini, moja kwa baba na moja kwa mama. Alama kama hizo wenye elimu wanaziita jeni. Ile ya kawaida tuiite A, ile yenye kasoro tuiite S. Mwenye A mbili hana kasoro hiyo. Mwenye A moja na S moja, yaani AS, kwa kawaida ni mzima, analima, anacheza mpira, anazaa, wala hajui kitu. Mwenye S mbili ndiye mgonjwa wetu.

Baba akiwa AS na mama akiwa AS, kila mimba ni kama kurusha sarafu mbili. Kwa kila mimba nafasi ya kuzaliwa mtoto SS ni moja katika nne, nafasi ya AS ni mbili, nafasi ya AA ni moja. Lakini tusikosee hesabu: sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Kuna wazazi AS wenye watoto wanne, wasione mgonjwa hata mmoja. Na kuna mama kama yule wetu, aliyeona wagonjwa watatu katika wanne. Hakuna aliyewala. Wala tumbo la mama si baya: kila mtoto SS amepokea S moja kwa mama na S moja kwa baba. Wale ndugu waliosema mke arudishwe kwao walisahau kwamba nusu ya ugonjwa ule ilitoka katika ukoo wao wenyewe.

Basi swali la kwanza tumelijibu: kosa si la mtu. Wanafunzi wa Bwana walimwuliza juu ya kipofu tangu kuzaliwa, kama dhambi ilikuwa yake ao ya wazazi wake. Naye alikataa yote mawili. Ndugu, na sisi tukatae.

Hapa msomaji mwenye akili atauliza: «Kama S inaua watoto, mbona haijaisha? Mkulima akiona mbegu mbaya haipandi tena. Watoto wengi walikufa nayo kabla ya kuzaa. Kwa nini S haikufa pamoja nao?» Swali hilo ni zuri sana, na jibu lake linatufundisha jinsi viumbe vyote hai vinavyobadilika.

Mwaka 1859 Charles Darwin wa Uingereza alitoa kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe. Wazo lake kubwa tunaweza kulieleza kwa chekeche ya unga wa muhogo. Chekeche haina akili, haichagui kwa kutaka. Lakini unga laini unapita, mapumba yanabaki. Vivyo hivyo katika kila kizazi viumbe havilingani. Wengine hufa mapema, wengine huishi na kuzaa. Alama za wale wanaozaa zinaongezeka, alama za wanaokufa kabla ya kuzaa zinapunguka. Kidogo kidogo, kwa vizazi vingi, kabila zima la viumbe linageuka. Mtu mmoja hageuki jeni zake kwa kutaka. Hesabu ya jeni katika watu wote ndiyo inayogeuka.

Na katika nchi zetu chekeche moja kubwa imekuwa malaria. Mganga Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona jambo la ajabu: karibu na pwani na karibu na ziwa la Viktoria, kwenye mbu wengi, watu wenye AS walikuwa wengi sana, milimani, kwenye baridi, walikuwa wachache. Huko Bwamba, upande wa Uganda mpakani mwa Kongo, karibu watu 40 katika kila 100 walikuwa nayo. Mwaka 1954 akatangaza sababu: mtoto AS anakingwa na malaria. Mdudu wa malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu, na ndani ya chembe za AS hastawi vizuri. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba hatari ya malaria kali kwa mtoto AS hupungua kwa karibu sehemu 9 katika 10.

Sasa fumbo limefumbuliwa. Zamani, kabla ya dawa na vyandarua, watoto wengi wa AA walikufa kwa malaria, na watoto wa SS walikufa kwa damu yao. AS walibaki, wakazaa, wakapokeza A na S pamoja. Ndiyo maana S haikuisha, wala haikuwashinda wote. Mwaka 1958 Frank Livingstone alieleza pia kwamba kilimo kilichangia: wazee wetu walipofyeka misitu, maji yalituama juani, mbu wakaongezeka, na kinga ya S ikawa na faida zaidi. Leo katika Afrika ya ikweta wenye AS ni kati ya 10 na 40 kwa kila watu 100. Lakini wale ambao babu zao walichukuliwa utumwani Marekani wanakaa mahali pasipo malaria tena. Kule S haina la kukinga, inabaki mzigo tu. Kwa hiyo tusiseme jeni hii ni njema ao mbaya kabisa, wala tusiseme kabila hili ni bora na lile ni duni kwa damu yake. Chekeche hupima mahali na wakati. Haipimi thamani ya mtu.

Wengine watatuambia: «Mafundisho haya si ya Wakristo.» Tunajibu kwa ufupi. Mwaka 1950 Papa Pius XII katika barua yake Humani generis aliruhusu wenye elimu wachunguze kama mwili wa mtu umetoka katika viumbe vilivyotangulia, akishika kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliliambia Baraza la Kipapa la Elimu kwamba jambo hili limekuwa zaidi ya wazo la kubahatisha. Mwenye kujua jinsi mvua inavyotengenezwa hakatazwi kumshukuru Mungu kwa mvua.

Kuna neno lingine la hatari zaidi. Wengine husema: «Kama dunia yenyewe huwaondoa wanyonge, kwa nini sisi tupoteze fedha kwa kuwatibu? Tuache chekeche ifanye kazi yake.» Katika ukoo husemwa kwa maneno mengine: «Huyu ni wa kufa tu, karo tuwape wazima.» Tumeyasikia kwa masikio yetu.

Kosa la kwanza la maneno haya ni kuchanganya lililopo na lipasalo. Kwamba mto hufurika si amri ya kutupa watu mtoni. Elimu inatueleza jinsi watoto walivyokufa. Haisemi kwamba ilifaa wafe. Nchi ya Ujerumani mwaka 1933 iliweka sheria ya kuwafanya wagonjwa wa urithi wasizae, kwa nguvu, na watu wapata 400 000 walitendewa hivyo. Baadaye utawala uleule uliwaua wagonjwa wenyewe. Watu wakianza kujifanya chekeche, hawajui pa kuishia.

Kosa la pili ndilo tunalotaka wasomaji walikumbuke hata wakisahau mengine yote. Angalieni tena hesabu. S ileile iliyomwua mtoto wa yule mama ndiyo iliyookoa maelfu ya wazee wetu katika malaria. Wengi wetu tunaosoma karatasi hii tusingezaliwa kama babu ao nyanya mmoja hapo zamani asingekuwa AS. Sisi tulipata kinga. Mtoto SS alipata maumivu. Na mambo hayo mawili yalitoka katika mfuko mmoja. Hatusemi kwamba mtoto huyo aliteuliwa kuteswa kwa ajili yetu: chekeche haiteui mtu. Tunasema tu kwamba tumekula faida ambayo yeye analipa gharama yake. Je, katika ukoo, ndugu mmoja akilipa deni la wote, wengine humwita mchawi? Humtazama kama mzigo? Basi kumsaidia mtoto SS si sadaka tu, ni haki. Yeye si laana yetu, ni mdai wetu.

Deni hilo tunalilipa namna gani? Kwanza kwa ulimi: tusimtaje nyanya, tusimfukuze mke, tusimwite mtoto ndoki. Pili kwa matunzo. Mtoto SS anahitaji maji ya kunywa mengi, kujikinga na baridi, chanjo zote, na kupelekwa hospitali upesi akishikwa na homa. Tusidhani kwamba yeye naye amekingwa na malaria. Mwenye kukingwa ni AS, lakini malaria ikimshika SS yaweza kumwua upesi. Alale ndani ya chandarua kila siku. Kuna dawa, hidroksiurea, inayopunguza maumivu kwa wengi. Mganga ndiye wa kuitoa na kuiangalia. Nao wazima wajitolee kutoa damu, kwani mara nyingi mtoto anakufa huku ndugu kumi wakibishana nje nani atolewe.

Tatu, vijana wanaotaka kuoana wapimwe damu mapema, kabla mahari haijatolewa na mioyo kufungwa. Wakikutwa wote wawili AS, hakuna sheria ya Kanisa inayowakataza kufunga ndoa. Lakini waingie macho yakiwa wazi, wakijua ile moja katika nne, wakiahidiana mbele ya wazee kwamba mtoto SS akizaliwa hakuna atakayemkimbia mwenzake. Kuachana baada ya kuzaa kwa sababu ya jambo ambalo kila mmoja alilichangia nusu, hilo si haki.

Tunarudi kwenye yale matanga. Kama tungeitwa leo, tungeketi karibu na yule nyanya, mahali ambapo watu walikuwa wameanza kuacha nafasi. Tungeuliza kwa sauti, ili wajomba wasikie: «Katika ukoo huu ni wangapi waliopona malaria utotoni?» Bila shaka wengi wangeinua mikono. Kisha tungewaonyesha jeneza dogo, tukawaambia kwamba pengine mikono ile na jeneza lile ni habari moja.