Si Afungue Nyingine?

Jirani yangu hapa Ng'ambo, Tabora, mama anayeuza asali mtandaoni, amefungiwa akaunti. Mtu asiyejulikana aliripoti kwamba ni tapeli. Aliomba asikilizwe, akajibiwa na mashine.

Kashfa ni uongo unaomshushia mtu hadhi mbele ya wengine. Maana hiyo inatosha. Ninachouliza ni hiki: uongo ulioambiwa mashine peke yake, bila jirani hata mmoja kuusikia, ni kashfa? Naona ni kashfa, tena mbaya zaidi, maana aliyeambiwa ndiye mwenye rungu.

Wapo wanaohofu kwamba kesi zitawatisha watoa taarifa wakweli. Hofu ya haki. Basi ashtakiwe tu aliyejua kuwa anasema uongo, kama Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inavyotaka.

Kinachonichoma ni wale wanaosema, "Si afungue nyingine?" Aliyeibiwa ng'ombe haambiwi anunue mwingine, mwizi aachwe. Mama huyu amepoteza wateja wa Mwanza na Dar es Salaam waliokuwa wakimtumia pesa kabla ya kuuona mzigo. Imani hiyo ilijengwa kwa miaka, chupa kwa chupa, wala haihamishwi kwa namba mpya ya siri. Isitoshe, kufungiwa na kuibuka kwa akaunti nyingine ndiyo desturi ya matapeli wenyewe. Anayempa ushauri huo anamtaka afanane na kile alichosingiziwa, kisha anauita msaada!

Hapa hunijia utani. Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walioteremka pwani wakawa watani wa Wazaramo. Mtani aweza kukuita mwizi msibani, umati ukisikia, na hakuna anayekwenda mahakamani. Anajulikana, uhusiano wenu unajulikana, na kesho zamu ni yako. Aliyeripoti akaunti hana uso wala zamu.

Hata hivyo, mtu wa namna hiyo amewahi kufikiwa. Mwaka 2019 YouTube ilimshtaki Mmarekani aliyetoa madai ya uongo ya hakimiliki dhidi ya watengeneza video, naye akakubali kulipa dola 25,000. Lakini mlalamikaji alikuwa kampuni, si walioumizwa. Nairobi, mwaka 2023, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya, na mwaka 2024 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Ule ulikuwa mgogoro wa kazi, ila unaonyesha kwamba kampuni za mbali zinafikika.

Ibara ya 13(6) ya Katiba yetu inampa mtu haki ya kusikilizwa na mahakama au chombo kingine kinachoamua haki zake. Kampuni ya mtandao ni chombo cha namna hiyo? Nimelipima swali hili pande zote na bado halijatulia. Mawakili wa Tabora, Mahakama Kuu ina kanda hapa hapa mjini. Mmoja wenu akae na mama huyu, amsikilize, alifikishe swali hili kwa jaji.