Chupa ya Kung'arisha

Kufika Funzi kutoka Ukunda si safari kubwa. Unapanda matatu ya barabara ya Lunga Lunga, unashuka njia panda, boda inakupeleka Bodo, halafu mashua inakuvusha kando ya mikoko. Siku hiyo nilikuwa na chupa 6 kwenye mkoba, losheni niliyochanganya mwenyewe jikoni kwangu. Juu ya kila chupa niliandika: "Vitamini C. Kung'arisha." Moja ilikuwa ya binti ya shangazi yangu. Ana miaka 17, na alinilipa pesa alizopata kwa kusuka wenzake nywele.

Wiki 5 baadaye shangazi akanipigia simu. "Mwanangu, umempa nini mwenzio? Hataki kushuka pwani na mimi. Ati umemkataza jua."

Kweli nilimkataza. Nilimwambia madoa hurudi ukikaa juani, na ushauri huo hauna kosa. Lakini Funzi, maji yakitoka, wanawake wanashuka mwambani kutafuta pweza na kombe, na jua liko nao pale pale. Ukimwambia msichana wa pale aepuke jua, umemwambia amwachie mamake kazi. Losheni yangu ilitaka maisha ya kivulini, na kivuli nacho kina wenyewe.

Tangu siku hiyo najiuliza: kama nilichouza hakimdhuru mtu ngozi, je, nimekosa?

Nilikuwa na utetezi wangu tayari, na najua wengi wetu tunaochanganya nyumbani tunao huohuo. Wa kwanza: yangu ni salama. Na kweli, tofauti ni kubwa. Kuna krimu zina zebaki, inayoharibu figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwisho wa vipodozi vyenye zebaki kupita miligramu 1 kwa kilo, lakini bado zinauzwa. Kuna za haidrokwinoni, ambazo ukizipaka muda mrefu zinaweza kukuachia weusi wa bluu-kijivu usiotoka. Mimi sitii hayo. Mimi napima kwa mzani: gramu 10 za vitamini C kwa kila gramu 100, niasinamidi kidogo, kihifadhi ili maji yasiote ukungu, na karatasi ya kupimia uchachu. Ndimu ya jikoni sigusi kabisa, maana ukiipaka ukatoka juani inaweza kukubabua.

Sawa. Lakini usalama unajibu swali la daktari. Swali la shangazi lilikuwa jingine.

Utetezi wa pili: ngozi ni yake, uamuzi ni wake. Huu nauheshimu zaidi. Mimi si askari wa uso wa mtu. Mwanamke mzima akitaka kupaka hina, wanja au chochote, nani kaniweka hakimu? Ila uamuzi ni wa mtu kama anajua anachonunua. Na hapo ndipo ninaposhikwa.

Vitamini C inafanya nini hasa? Inapunguza kasi ya ngozi kutengeneza rangi, kwa hiyo doa la chunusi linafifia polepole, kwa miezi. Rangi uliyozaliwa nayo haiendi popote. Tena ni dawa dhaifu. Inayeyuka kwenye maji, si kwenye mafuta, na ikishayeyuka inaanza kuharibika kwa hewa, mwanga na joto. Kwa shangazi hakuna friji. Nilipoiona ile chupa tena, losheni ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi. Binti alikuwa bado anaipaka, kidogo kidogo, isimwishie.

Mimi nikiandika "kung'arisha" namaanisha madoa yapungue. Yeye akisoma "kung'arisha" anasikia "utakuwa mweupe". Na mimi nilijua anasikia hivyo! Ndiyo maana sikuandika "kupunguza madoa". Neno hilo haliuzi. Sikusema uongo hata mmoja, lakini niliacha neno liseme kwa niaba yangu. Kwa maoni yangu huo ni uongo, wa mtu mwenye adabu tu.

Usidhani nataka kukurudisha kwa bibi na msio wake. Bibi alisaga liwa, akachanganya singo ya maharusi, akapaka manjano, na yeye pia alikuwa akisema "ung'are". Tena alimsifu mtoto mweupe mbele ya mweusi bila kuona haya. Mwaka 2019 Lupita Nyong'o alitoa Sulwe, kitabu cha mtoto mweusi kuliko nduguze wote, na nilifurahi sana. Lakini mtoto wa Funzi husikia kwanza maneno ya ukumbini arusini, kabla hajaona kitabu chochote. Mimi sikuanzisha kiu hiyo. Niliikuta, nikaipigia hesabu ya faida.

Nilivuka tena kwenda kumrudishia binti pesa zake. Nikamweleza yote, nikamwambia rangi yake haina kasoro. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, wewe ni maji ya kunde. Kwako ni rahisi kusema."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Siwezi kumwondolea yale anayoambiwa kila siku kwa kumrudishia pesa ya chupa moja. Lakini yeye kuwa na haki ya kutaka hakunipi mimi haki ya kumuuzia jina.

Bado nachanganya losheni. Siku hizi naandika: "Hupunguza madoa polepole. Haibadilishi rangi ya ngozi. Ikigeuka kahawia, tupa." Wateja wamepungua, tena sana. Mmoja alisoma kibandiko, akanirudishia chupa, akaniuliza, "Sasa kama haibadilishi, ya nini?"

Nikamwambia ni ya madoa. Akaniambia hana madoa.