Anga la Kudha: Kusahihisha au Kudanganya?

Tuchukue picha ya kidijitali ya machweo ya Kudha, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Kismayo. Tunapouzidisha wekundu wake, anga hukatika mistari kama ngazi. Je, kuiondoa mistari hiyo ni uongo?

Tuanze na chanzo. Picha ya biti 8 ina viwango 256 tu vya kila rangi ya msingi. Anga tulivu hutumia vichache. Tukivivuta, mianya hujitokeza. Basi mistari haikuwako Kudha, tumeizua sisi. Dawa ya kwanza ni kurudia faili ghafi ya kamera, yenye viwango maelfu, na kuihariri kwa biti 16. Ikikosekana, hunyunyizwa chembechembe hafifu ili jicho lisione mipaka.

Chembechembe hizo pia ni za kubuni, ila hazimshuhudii mtu jambo lisilokuwako. Wekundu wa kuzidisha humshuhudia. Wabajuni wengi walihama makwao kwa vita vilivyoanza 1991; kwa mtoto aliyezaliwa ugenini, picha ni shahidi wa kwao. Twaona, basi, kuondoa mistari ni halali. Linalotupasa kwanza ni kujiuliza kwa nini tulilivuta anga hata likakatika.