Wendo kijana, Wendo mzee



Mwaka wa 1948, kule Léopoldville, mwimbaji Wendo Kolosoy alirekodi wimbo wa Marie-Louise kwa studio ya Ngoma, Henri Bowane akipiga gitaa. Wendo alizaliwa 1925. Sauti yake ilikuwa ya kijana, ikiruka juu na kurudi bila kuchoka. Baadaye alikaa miaka mingi kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, akiwa amepita umri wa miaka 70, aliingia studio tena na kuuimba wimbo uleule.

Mtu akizeeka, nyuzi za sauti kooni hukonda na kukakamaa, na pumzi hupungua. Sauti ya mzee mwanaume mara nyingi huwa nyembamba, ya mama hushuka chini. Kwa hiyo mwimbaji mzee hukata mstari mapema apate kuvuta hewa.

Kuna wanaosema wazee waiache ile rekodi ya kwanza ibaki peke yake. Nakataa kabisa. Kijana wa 1948 anamsifu msichana wa wimbo. Mzee anamkumbuka, na mikwaruzo ya koo lake inasema yale ambayo maneno hayakuwa nayo. Nazipenda rekodi zote mbili, lakini ya uzee ndiyo hunisimamisha.

Kama kwenu kuna mama aliyeimba kwaya tangu ujana, mumuombe aimbe tena wiki hii. Mumurekodi kwa simu, hata akikohoa katikati.