Ameajiriwa, Lakini Hajaingia

Katika kituo kimoja tulichowahi kuhudumu, halmashauri ilitafuta karani wa hesabu. Siku ya usaili alifika kijana anayetumia kiti cha magurudumu. Chumba cha usaili kilikuwa ghorofani, basi wazee wawili wakambeba hadi juu. Aliwashinda wenzake wote kwa alama, tukampa kazi. Jioni ile tulirudi nyumbani tumeridhika sana, kana kwamba tumeitimiza Injili yote kwa siku moja.

Vikao viliendelea kufanyika ghorofani. Yeye alibaki chini na vitabu vyake. Mihutasari ilishushwa kwake ikiwa imekwisha kutiwa sahihi, na chai ya saa nne ilinywewa huko huko juu. Baada ya miezi kadhaa alituambia, kwa upole uliotuumiza kuliko ukali, kwamba ameajiriwa lakini bado hajaingia.

Tulipoulizana, hakuna aliyekuwa amemchukia. Hilo ndilo lililotusumbua. Tulizoea kudhani ubaguzi ni kazi ya watu wenye nia mbaya, nasi nia zetu zilikuwa njema. Yakobo katika sura ya 2 anaeleza juu ya watu wawili wanaoingia katika kusanyiko: mmoja ana pete ya dhahabu, mwingine ana mavazi mabovu. Tumelihubiri somo hilo mara nyingi bila kuona kwamba maskini yule naye aliingia. Mlango haukufungwa mbele yake. Kosa liko mahali alipoambiwa akae.

Serikali imefanya sehemu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila, jinsia, dini, ulemavu na mengine mengi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Ni sheria njema, na taasisi za kanisa hazina ruhusa ya kuzikwepa. Lakini mkaguzi akija atahesabu majina katika orodha ya mishahara. Hatajua nani huulizwa maoni yake.

Na sisi Walutheri tuna jaribu letu la pekee. Injili ilitufikia kwa njia ya misioni mbalimbali: Leipzig huko Kilimanjaro, Berlin huko kusini, Betheli huko Usambara na Buhaya. Kila moja ilihubiri kwa lugha ya mahali pale, nasi tunamshukuru Mungu kwa hilo. Makanisa saba yalipoungana mwaka 1963 kuwa KKKT, tuliunganisha jina na katiba, lakini neno "mwenzetu" halikupanuka kwa kasi hiyo hiyo. Hata leo, katika ofisi nyingine, kikao huendeshwa kwa Kiswahili safi, kisha birika la chai linapofika mazungumzo yanahamia lugha ya nyumbani. Aliyetoka mkoa mwingine anakoroga sukari yake kimya. Na kwa kawaida uamuzi hupikwa hapo kwenye chai. Kikao huja kuubariki tu. Mama wachungaji nao wanajua jambo hili. Hatujui kwa nini, ila akitafutwa mtu wa kuandika muhtasari, macho yote humwelekea mwanamke.

Wapo wapendwa wanaotuuliza: je, si haki kumchagua mwenye sifa tu, bila kutazama ametoka wapi? Swali hili si la kubeza. Kumpa kazi asiyeiweza ni kumdhulumu yeye na wale anaowahudumia. Lakini tuulize pia sifa hizo zimepimwa na nani, na kwenye ngazi za nani. Kijana wetu alikuwa na sifa zote; ghorofa ndiyo iliyokosa sifa.

Tukisoma Matendo ya Mitume sura ya 6 tunaona jambo gumu zaidi. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume wangeweza kuomba radhi na kuwaongezea chakula. Badala yake kusanyiko lilichagua watu saba kusimamia kazi ile, na majina yote saba, tangu Stefano hata Nikolao wa Antiokia, ni ya Kiyunani. (Jina peke yake si ushahidi kamili, maana hata mtume Filipo alikuwa nalo.) Hata hivyo inaelekea upande ulionung'unika ndio uliokabidhiwa meza, na wajane wa Kiebrania sasa wakapokea chakula chao kutoka mikononi mwa wageni wale. Kumkaribisha mtu mezani kwetu tunaweza. Kukaa tukingoja yeye atugawie ni imani ya namna nyingine.

Hatimaye tulihamisha vikao, tukawa tunakutana katika darasa la chekechea. Mzee mmoja alilalamika kwamba viti vile vya watoto vinamuumiza magoti. Katika kikao cha kwanza karani wetu aliomba nafasi, akafungua daftari, akauliza kuhusu malipo fulani ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeyapitisha kule juu mwaka mzima. Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu.