Harufu ya Mwaloni Pasipo Mwaloni

Mambo ya kuiga yana sifa mbaya katika ndimi za watu. Dhahabu ya kuiga ni aibu ya mvaaji, machozi ya kuiga ni hila ya mliaji, na sifa ya kuiga ni sumu ya msifiwa. Kwa mazoea hayo, mtu aambiwapo kuwa harufu aliyojipaka haikutoka katika ua wala katika mti, bali imeundwa na mwanakemia ndani ya chupa, hujiona amepunjwa. Insha hii yataka kupima kama kujiona huko ni haki. Jambo lenyewe ni moja, lakini lina matawi matatu. Je, harufu iliyoundwa kwa mkono wa mtu ni uongo? Je, uzuri upendwao na wengi una haki ya kuwaumiza wachache? Na kitu kikibadilishwa kiini kikaachiwa jina lake, je, jina hilo laendelea kusema kweli? Maswali makubwa hupimwa vema kwa vitu vidogo. Kwa hiyo nimechagua kitu kidogo sana, kiotacho juu ya magome ya miti.

Katika misitu ya Ulaya, hasa juu ya matawi ya mialoni, huota kiumbe wa rangi ya kijivu iliyochanganyika na ukijani, aliyegawanyika vitawi mfano wa pembe ndogo za paa. Wataalamu humwita Evernia prunastri. Waingereza na Wafaransa wamempa jina la yale majani mafupi, laini, ya kijani, yaotayo penye unyevu na kivuli. Walakini yeye si wa ukoo huo. Ni ushirika wa viumbe wawili, kuvu na mwani, wakaao kama mwili mmoja: kuvu hujenga nyumba, na mwani hupika chakula kwa nuru ya jua. Simon Schwendener, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, alipoutangaza ushirika huo katika miaka ya 1860, wataalamu wengi wenziwe waliukataa. Lugha yetu, iliyounganisha maneno mawili ikapata neno kuvumwani, imesema kweli kuliko lugha hizo mbili.

Kuvumwani hii hukwanguliwa matawini, hasa katika nchi za Balkan, na kwa muda mrefu imepelekwa Grasse, mji wa manukato kusini mwa Ufaransa. Huko huloweshwa katika vimiminiko viwezavyo kuyeyusha utomvu wake, kisha vimiminiko huvukizwa, kukabaki kiini kizito cha rangi ya giza. Harufu ya kiini hicho ni ya msitu baada ya mvua, gome lililooza kidogo, ngozi iliyotengenezwa, wino, na kwa mbali pwani wakati wa maji kupwa. Msomaji aliyezoea kufukiza nguo kwa udi ataelewa kazi yake upesi: harufu za matunda na maua huruka mapema kama ndege, lakini harufu nzito hubaki chini, huzishika nyingine zisiondoke. Kuvumwani ilikuwa msingi wa namna hiyo. Imo katika Fougère Royale, manukato ya nyumba ya Houbigant ya mwaka 1882. Mwaka 1917 François Coty alitoa Chypre, yaani Kupro kwa Kifaransa, na jina hilo likawa jina la ukoo mzima wa manukato yanayoanza kwa harufu kali ya ganda la chungwa la bergamoti na kuishia kwa giza la kuvumwani. Mwaka 1919 Jacques Guerlain alitoa Mitsouko, na wajuzi wengi hadi leo huyahesabu manukato hayo miongoni mwa kazi bora za sanaa hii.

Wahenga walisema kwamba kikulacho ki nguoni mwako, nao hawakuwa wakifikiri juu ya manukato. Wengi waliojipaka harufu hizi hawakupata dhara. Wachache walipata wekundu, mwasho na malengelenge. Madaktari wa ngozi walifuatilia, na utafiti ulipokomaa ulionyesha vitu viwili hasa ndani ya kiini: atranoli na kloroatranoli. Hivi ni miongoni mwa vitu vyenye nguvu zaidi ya kuleta mzio vilivyopata kujulikana katika manukato, na kiasi kidogo mno chatosha kumwamsha mtu aliyekwisha kupata mzio huo. Chama cha kimataifa cha watengenezaji manukato kiliweka mipaka ya matumizi ya kuvumwani. Kisha Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni ya mwaka 2017 kuvikataza kabisa vitu hivyo viwili katika vipodozi: tangu Agosti 2019 bidhaa mpya zenye vitu hivyo hazikuruhusiwa kuingia sokoni, na tangu Agosti 2021 hata zile za zamani hazikuruhusiwa kuuzwa.

Ndipo mwanakemia alipopata heshima mpya. Alikuwa na unga mweupe, ujulikanao kwa majina ya kibiashara kama Evernyl na Veramoss, wenye harufu ya gome kavu, safi, ya vumbivumbi kidogo. Unga huo hutengenezwa viwandani, wala hauhitaji mwaloni wala Balkan. Hapa ndipo wapenzi wa asili walipolia kwamba kweli imefukuzwa na uongo umekalishwa kitini.

Na tulitazame shitaka hilo kwa subira. Ndani ya kuvumwani mna kitu kiitwacho atranorini. Molekuli yake ina sehemu mbili zilizofungwa pamoja kama pande mbili za bawaba. Fungo hilo likatikapo wakati wa kutengeneza kiini, upande mmoja huwa ile molekuli yenyewe ya Evernyl. Upande wa pili, ukiisha kupoteza sehemu yake, huwa atranoli. Maana yake ni kwamba harufu nzuri na dhara vilitoka katika tumbo moja, na vyote viwili ni wana halali wa asili. Mwanakemia hakubuni kitu kisichokuwako duniani. Alimchukua pacha mmoja akamwacha mwenziwe. Molekuli iliyotoka kiwandani na molekuli iliyotoka mtini hazina tofauti ya umbo wala ya tabia, na pua iliyo hodari kuliko zote haiwezi kuzitenga. Ikiwa uongo ni kusema lisilokuwako, basi unga huu hausemi uongo, maana husema lile lile lisemwalo na mti.

Mpinzani mwenye akili hatanyamaza hapo. Atasema: molekuli ni neno moja, na kiini cha kuvumwani ni hotuba nzima; mtu akinukuu neno moja la hotuba na kudai kuwa ameileta yote, je, si mwongo? Pingamizi hili ni zito, nami nalikubali nusu yake. Kiini cha asili kina vitu vingi mno, na harufu ya wino, ya ngozi na ya pwani haimo katika unga mweupe. Waunda manukato hujaribu kuliziba pengo kwa pachuli, mizizi ya vetiveri na vitu vingine, na baadhi yao hutumia kiini cha kuvumwani kilichosafishwa hadi atranoli karibu yote ikatoka. Matokeo aghalabu ni mazuri, lakini si yale yale. Hata hivyo, tofauti hii ni upungufu, na upungufu si uongo. Picha ya mtu haina joto la mwili wake, nasi hatuiiti picha mwongo mpaka mtu atuambie kwamba picha ndiye mtu.

Tena, usafi wa asili unaoliliwa haukuwako hata zamani. Mitsouko yenyewe ilipata umaarufu kwa harufu ya fyulisi itokayo katika kitu kilichoundwa maabarani, na Fougère Royale ilitumia kumarini ya kuundwa. Sisi watu wa Bahari ya Hindi tuna ushahidi wetu. Katika karne ya 10 al-Masudi aliandika juu ya ambari ya nchi ya Zanji, na ambari hiyo ilisafirishwa mbali kwa thamani kubwa. Leo, sehemu kubwa ya harufu ya ambari katika manukato ya dunia hutoka katika kitu kiundwacho kwa kuanzia na mmea mdogo, wala si tumboni mwa nyangumi. Anayejipaka harufu hiyo hajiiti mdanganyifu, na nyangumi hana malalamiko.

Wako pia wanaosema kwamba cha asili ni salama na cha kiwandani ni hatari. Kanuni ile ile ya mwaka 2017 yawajibu. Haikukataza vitu viwili, ilikataza vitatu. Cha tatu kilikuwa kitu cha kuundwa, kilichouzwa kwa majina kama Lyral, chenye harufu mfano wa yungiyungi, nacho kilileta mzio kwa watu wengi. Sheria haikuuliza nani amezaliwa msituni na nani kiwandani. Iliuliza nani anaumiza. Hakimu akimpendelea mshitakiwa kwa ajili ya ukoo wake amepotoka, na sisi tukihukumu vitu kwa nasaba zao badala ya matendo yao tumepotoka kama yeye.

Nakuja sasa kwenye tawi la pili, lililo gumu kuliko la kwanza. Waliodhurika na kuvumwani walikuwa wachache. Wataalamu wamekadiria kwamba mzio wa vitu vya manukato vya kila namna huwapata watu kati ya 1 na 3 katika kila 100 huko Ulaya, na wenye mzio wa kuvumwani ni sehemu tu ya hao. Je, ni haki sanaa iliyopendwa kwa miaka 100 ivunjwe kwa ajili ya fungu dogo hivyo? Wengine hushauri njia ya katikati: onyo liandikwe juu ya sanduku, na kila mtu mzima ajichagulie. Ushauri huu una sura ya uhuru, na kwa madhara mengi ungetosha. Kwa dhara hili hautoshi, kwa sababu ya namna mzio unavyozaliwa. Mzio wa ngozi huja kimya. Mguso wa kwanza haumwashi mtu. Humfundisha mwili wake uadui, na mguso wa baadaye ndio huleta maumivu. Na mwili uliokwisha kufundishwa aghalabu hausahau maisha yote. Basi onyo humfaa yule aliyekwisha kuumia, lakini asiyeumia bado hulisoma kama habari za mtu mwingine. Uchaguzi wa mtu asiyeweza kujijua kuwa yumo katika hatari ni uhuru wa jina tu.

Na tupime mizani yenyewe. Upande mmoja pana starehe ya wengi, iliyo kweli na ya thamani. Upande wa pili pana ngozi ya mtu, ambayo hawezi kuivua akaiweka kando. Starehe ikipungua hupata badala. Ngozi haina badala. Wingi wa wanaofurahi hauwezi kujumlishwa hadi ukafuta maumivu ya mmoja ambaye hakuulizwa. Kama ingekuwa hakuna njia nyingine ya kupata harufu ya msitu, shauri lingekuwa gumu. Lakini njia nyingine ipo, iliyo karibu sana na ile ya kwanza. Anayekataa njia hiyo kwa sababu ya tofauti ndogo ya uzuri anasema, pasipo kutaka, kwamba uchaga mmoja wa uzuri ni bora kuliko ngozi ya jirani.

Limebaki tawi la tatu, na hapa ndipo uongo, kama upo, unapokaa. Manukato mengi ya zamani yamebadilishwa kiini, lakini chupa, jina na sifa zimebaki zile zile. Mnunuzi wa leo hupewa historia ya mwaka 1919 pamoja na kiini cha mwaka huu, na mara nyingi hakuna amwambiaye kuwa vitu hivyo viwili havikuzaliwa pamoja. Molekuli haijui kusema uongo. Muuzaji anajua. Kubadilisha kwa ajili ya afya ni wema. Kubadilisha kwa siri ni kuutia wema doa. Anayesema, “Haya ni manukato ya kale yaliyotengenezwa upya ili yasidhuru,” hapotezi heshima, na amwambiwaye hapotezi chochote ila ndoto.

Kwa wale wanaohuzunika, huzuni yao isichekwe. Kitu kizuri kilichotoweka chastahili kuhuzunikiwa, na harufu ni mlango wa kumbukumbu za watu. Huko Versailles, nchini Ufaransa, tangu mwaka 1990 iko nyumba iitwayo Osmothèque, ambayo huhifadhi manukato ya kale, na mengine yaliyokufa huyafufua kwa kufuata maandishi ya waundaji wake. Hapo mtu aweza kunusa Chypre ya Coty juu ya kipande cha karatasi. Naona hekima katika mpango huo: yaliyopita yamepewa karatasi, na ngozi za walio hai zimeachwa salama.

Basi hukumu yangu ni hii. Harufu ya mwaloni pasipo mwaloni si uongo, maadamu msemaji wake hasemi kuwa mwaloni upo. Asili yastahili heshima kwa mema yake, si kinga kwa maovu yake. Ufundi nao wastahili kulaumiwa unapoumiza, si kwa kuwa umetoka mikononi mwa watu. Uzuri hauna mamlaka ya kumtoza mtu mmoja gharama ya furaha ya wengi pasipo ridhaa yake. Na mwenye kubadilisha kitu, awe muunda manukato, mfasiri au mwalimu, ana deni moja lisilosameheka kwa yule anayepokea: kumwambia kuwa kimebadilika.